Wanga na mazoezi makali: upime vipi, ule lini, na ufanye nini mambo yakienda mrama

Maswali huwa ni yale yale. Nile nini kabla ya mazoezi? Mbona kipindi cha pili miguu inakataa na pumzi bado ninayo? Ugali si utanifanya mzito? Glukosi ya unga niilambe saa ngapi? Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya mazoezi makali: mchezaji wa mpira, mkimbiaji wa mita 800 hadi nusu marathoni, bondia, mwendesha baiskeli, au yeyote anayekimbia vipande vya kasi, akapumzika, akarudia. Kama mazoezi yako ni kutembea au kukimbia polepole kwa nusu saa, hesabu hizi hazikuhusu. Kula chakula chako cha kawaida.

Tahadhari moja kabla ya yote: ukiwa na kisukari, hasa ukitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na daktari wako. Viwango vilivyo humu ni vya mtu asiye na ugonjwa huo.

Nadharia kidogo tu

Misuli huhifadhi wanga kama akiba iitwayo glikojeni. Mtu mzima aliyezoea mazoezi huwa na gramu 300 hadi 500 kwenye misuli, na nyingine 80 hadi 100 hivi kwenye ini. Mafuta yapo tele hata kwa mtu mwembamba, ila hayaungui haraka kiasi cha kukupa kasi. Tena kila lita ya oksijeni unayoitumia hutoa kilokalori 5 hivi ikiunguza wanga, na 4.7 tu ikiunguza mafuta. Kwa hiyo kadiri unavyokaza mwendo, ndivyo mwili unavyouegemea wanga. Kukimbia kwa nguvu zote kwa sekunde 30 tu kunaweza kula asilimia 20 hadi 30 ya glikojeni ya paja.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Kwanza, glikojeni ya msuli mmoja haihamii msuli mwingine. Iliyo mkononi itabaki mkononi hata paja likikauka kabisa. Pili, nyuzi za msuli zinazofanya kazi ya kasi ndizo huishiwa mapema. Hapo ndipo penye jibu la lile swali la kipindi cha pili: dakika ya 80 mchezaji bado anaweza kukimbia taratibu uwanja mzima, lakini hawezi tena kumfukuzia winga. Vipimo vilivyochukuliwa kwenye mapaja ya wachezaji baada ya mechi vilionyesha kuwa karibu nusu ya nyuzi zilikuwa tupu au zimebakiwa na kidogo sana. Na tangu 1973 utafiti wa Bengt Saltin wa Sweden ulishaonyesha kwamba wachezaji walioingia uwanjani na akiba ndogo walitembea takriban nusu ya umbali wao wote, ilhali wenzao waliojaza akiba walitembea robo na ushei.

Nadharia inaishia hapo. Sasa kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uzito wako kwa kilo, uliopimwa asubuhi kabla ya kula.
- Mzani wa jikoni. Ukiukosa kwako, azima kwa siku mbili tu upime vikombe na bakuli zako, kisha mrudishie mwenyewe.
- Chupa ya lita 1 yenye alama za ujazo, au chupa ya maji ya nusu lita.
- Kijiko cha chakula, kijiko cha chai, na kisu cha kusawazishia.
- Sukari ya kawaida, chumvi, ndimu au limau.
- Daftari. Usitegemee kumbukumbu, baada ya wiki utakuwa umesahau ulikula nini siku miguu ilipokuwa mizito.
- Angalau wiki tatu kabla ya mechi au mbio unayoilenga.

Hatua ya 1: Amua leo ni siku ya aina gani

Kiasi cha wanga kinafuata kazi ya siku hiyo. Zidisha uzito wako kwa namba hizi:

- Siku ya kupumzika au mazoezi mepesi: gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo.
- Siku yenye zoezi moja gumu la saa moja hivi: gramu 5 hadi 7.
- Siku ya mazoezi makali ya saa 1 hadi 3, au ya mazoezi mara mbili: gramu 6 hadi 10.
- Siku ya kuamkia mechi, na siku yenyewe ya mechi: gramu 6 hadi 8.
- Siku ya kuamkia nusu marathoni: gramu 8 hadi 10. Marathoni kamili: gramu 10 hadi 12, kwa saa 36 hadi 48 kabla ya kuanza.

Mtu wa kilo 60 mwenye zoezi gumu la jioni anahitaji gramu 300 hadi 420 siku hiyo. Siku ya kupumzika, gramu 180 hadi 300 zinamtosha.

Kosa kubwa hapa ni kula sahani ile ile kila siku. Anayefanya hivyo hupungukiwa Jumanne ya mazoezi makali na kuzidisha Jumatano ya kupumzika, kisha huulaumu ugali kwa kumnenepesha. Kosa la pili ni kuwaiga wanariadha wa kulipwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji mahiri wa Kenya ulikuta wanakula gramu 10.4 za wanga kwa kilo kwa siku, zaidi ya robo tatu ya nishati yao yote, sehemu kubwa ikitoka kwenye ugali na sukari ya chai. Hao hukimbia mara mbili au tatu kwa siku. Karani anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki hana mahali pa kuuweka wanga huo wote.

Hatua ya 2: Pima chakula kikiwa kikavu

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ugali uliopikwa una maji mengi, na kiasi chake hutegemea mkono wa mpishi: wa huku mgumu, wa kule laini. Gramu 100 za ugali kwenye sahani zinaweza kuwa na wanga gramu 25 au 30. Unga mkavu haukudanganyi. Pima kabla ya kupika, kisha gawa kwa idadi ya walaji. Ukipika unga gramu 600 na mkala watu 4 sawasawa, kila mmoja amekula unga gramu 150, yaani wanga gramu 112 hivi.

Namba hizi za kukadiria zitakufikisha mbali:

- Unga wa mahindi mkavu, gramu 100: wanga gramu 75.
- Mchele mkavu, gramu 100: gramu 80. (Wali uliopikwa, gramu 100: 28.)
- Viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 100: 18 hadi 20.
- Muhogo wa kuchemsha, gramu 100: 35 hadi 38.
- Ndizi mbivu moja ya wastani: 25 hadi 27.
- Chapati moja iliyotengenezwa kwa unga wa ngano gramu 50: 37 hivi.
- Kipande cha mkate cha gramu 30: 15.
- Tende, gramu 100 bila kokwa: 70 hadi 75.
- Sukari, kijiko cha chai kilichosawazishwa: 4. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa: 12.
- Asali, kijiko cha chakula: 17.
- Soda yenye sukari, mililita 300: 32 hivi.

Maji ya dafu hayamo kwenye orodha kwa sababu watu huyategemea kupita kiasi. Ni kinywaji kizuri, ila wanga wake ni mdogo, gramu 3 hadi 4 tu kwa mililita 100, na sodiamu yake ni kidogo kwa mtu anayetoka jasho jingi. Kunywa kwa kiu na utamu wake, si kwa kujaza misuli.

Hatua ya 3: Anza kujaza jana yake

Msuli hujaa polepole, kama asilimia 5 ya akiba yake kwa saa. Paja lililokauka kabisa linahitaji saa 20 hadi 24 za kula vizuri ndipo lijae tena. Kwa hiyo mlo wa usiku wa jana una uzito kuliko kitu chochote utakachokitafuna ukiwa njiani kwenda uwanjani.

Kwa mtu wa kilo 60, chakula cha usiku wa kuamkia zoezi gumu kiwe na wanga gramu 100 hadi 130: ugali wa unga gramu 150 na samaki, au wali wa mchele gramu 140 na kuku. Siku ya kuamkia mechi au mbio, badilisha dona kwa sembe, na upunguze maharagwe, kunde na mboga za majani zenye nyuzi nyingi. Si kwamba vyakula hivyo ni vibaya. Ni bora sana siku nyingine zote. Ila kesho hutaki tumbo lenye gesi na mzigo ambao haujashuka.

Angalizo: ukijaza vizuri, mzani utapanda kwa kilo 1 au zaidi. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Hayo ni maji yenye kazi, si mafuta. Usiogope na usikate chakula. Bondia au mpiganaji anayepimwa uzito ndiye peke yake anayepaswa kulifikiria hili mapema na kocha wake.

Hatua ya 4: Mlo mkuu, saa 3 hadi 4 kabla

Kula gramu 2 hadi 3 za wanga kwa kila kilo, pamoja na protini kidogo na mafuta machache. Kwa kilo 60 ni gramu 120 hadi 180. Kama zoezi ni saa 10 na nusu jioni, mlo huu ni chakula cha mchana cha saa 7: wali wa mchele gramu 120 (wanga 96), nyama au samaki kiasi cha kiganja, kipande cha embe au papai, na glasi ya juisi. Utavuka 120 bila kujilazimisha.

Kinachoharibu mlo huu ni mafuta. Chipsi, sambusa, maandazi na chapati iliyoloa mafuta vina wanga, ni kweli, lakini mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga. Utafika uwanjani saa tatu baadaye na bado unacheua chipsi. Wanga uliokwama tumboni haufiki pajani.

Hatua ya 5: Saa moja ya mwisho

Ikibaki saa moja hadi saa moja na nusu, kula kitu chepesi chenye gramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo. Ndizi mbili mbivu zinatosha. Au mkate mkavu vipande vitatu na chai ya rangi yenye sukari. Au tende gramu 60. Usiache ndizi zenyewe ziwe za kijani kibichi. Wanga wake unayeyushwa kwa shida, na wengine huwavimbisha tumbo.

Kuna watu ambao wakinywa kitu cha sukari dakika 30 hadi 45 kabla hujisikia kizunguzungu na kutetemeka dakika za mwanzo. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, imepanda wakati ule ule misuli imeanza kufyonza sukari, na sukari ya damu inashuka kwa muda. Wengi haliwadhuru na hupita lenyewe. Kama wewe ni mmoja wao, ruka dirisha hilo: kula mapema zaidi, au subiri ukishapasha misuli moto ndipo unywe, dakika 5 hadi 10 kabla ya kipande cha kwanza. Mwili ukishaanza kazi, insulini haipandi vile tena.

Hatua ya 6: Wakati wa mazoezi

Angalia urefu wa zoezi kwanza.

Chini ya dakika 45: maji tu. Hata zoezi likiwa kali namna gani, akiba uliyonayo inatosha.

Dakika 45 hadi 75 za nguvu: kiasi kidogo tu kinasaidia, na hata kusukutua kinywa kunasaidia. Mwaka 2004 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha wanga wakisukutue na kukitema, na muda wao katika zoezi la saa moja ukaboreka kwa karibu asilimia 3. Vipokezi vya kinywani huuambia ubongo kuwa chakula kinakuja, nao hulegeza breki. Weka kinywaji mdomoni sekunde 5 hadi 10, sukutua, kisha meza au tema. Hii ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye tumbo lake halikubali kitu akiwa kwenye kasi.

Saa 1 hadi 2 na nusu, mechi ikiwamo: gramu 30 hadi 60 kwa saa.

Kutengeneza kinywaji nyumbani:

1. Pima lita 1 ya maji safi ya kunywa.
2. Weka vijiko 5 vya chakula vya sukari, kila kimoja kikiwa kimesawazishwa kwa kisu. Hizo ni gramu 60.
3. Ongeza robo ya kijiko cha chai cha chumvi, kama gramu 1.5.
4. Kamulia ndimu nusu. Ni kwa ladha tu.
5. Tikisa hadi sukari iyeyuke yote, kisha onja. Kiwe kitamu, ila kisifikie utamu wa soda. Kikiwa kitamu kama soda, umekosea vipimo.
6. Tumia siku hiyo hiyo. Usikilaze.

Kunywa mililita 150 hadi 200 kila dakika 15. Utapata gramu 36 hadi 48 kwa saa. Kwenye mechi hupati nafasi hiyo, kwa hiyo kunywa mililita 250 hivi baada ya kupasha misuli na nusu lita wakati wa mapumziko.

Kosa linaloua kinywaji hiki ni kijiko cha mlima. Kijiko cha chakula kilichojaa hadi kuwa kichuguu kinaweza kubeba gramu 20, na vijiko vitano vya namna hiyo ni gramu 100 kwa lita. Kinywaji kizito hivyo hukaa tumboni na kuvuta maji kuingia kwenye utumbo. Matokeo ni tumbo kujaa, kichefuchefu, au kukimbilia vichakani.

Glukosi ya unga inaingia hapa hapa. Kuilamba ikiwa kavu wakati wa mapumziko ni mazoea ya viwanja vingi, na ndicho chanzo cha matapishi ya dakika ya 55. Tatizo si glukosi, ni ukavu. Iyeyushe kwa kipimo kile kile, gramu 60 kwa lita, uinywe kidogo kidogo. Haina nguvu za ajabu kuliko sukari ya kawaida. Kinyume chake, utumbo hufyonza glukosi peke yake hadi gramu 60 hivi kwa saa, kisha mlango wake unajaa. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi na nusu fruktosi, yaani sukari ya matunda, na fruktosi ina mlango wake mwingine.

Kwa hiyo mkimbiaji wa marathoni anayetaka gramu 90 kwa saa achanganye sukari gramu 60 na glukosi ya unga gramu 30. Atapata glukosi 60 na fruktosi 30, kila moja ikipita mlango wake. Asijaribu hivyo siku ya mbio kama hajalizoeza tumbo lake kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 7: Baada ya mazoezi

Jiulize: nitafanya tena zoezi gumu lini?

Kama ni ndani ya saa 8, mfano mashindano ya mechi mbili kwa siku au mchujo asubuhi na fainali jioni, kula gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Kwa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72 kila saa, na hapo vyakula laini ndivyo vinavyofaa: uji wa sukari, ndizi, mkate na asali, wali mweupe, soda hata. Kula hata kama hamu haipo. Baada ya kazi ngumu hamu hupotea, na wengi hupoteza fainali wakiwa wamekaa chini ya mti na chupa ya maji matupu.

Kama zoezi lijalo ni kesho au keshokutwa, haraka hiyo haina maana. Rudi nyumbani, oga, kula chakula cha usiku cha kawaida chenye wanga wa kutosha pamoja na protini gramu 20 hadi 25, na hesabu ya siku nzima itajisawazisha.

Hatua ya 8: Lizoeze tumbo

Utumbo hujifunza. Wiki ya kwanza, kunywa mililita 100 tu za kinywaji chako kila dakika 15 kwenye zoezi moja gumu. Wiki ya pili panda hadi 150. Wiki ya tatu fika 200. Andika: ulikula nini, saa ngapi, tumbo lilisemaje, na kipande cha mwisho kilikuwa na kasi gani ukilinganisha na cha kwanza. Hiki cha mwisho ndicho kipimo chako halisi. Kama unakimbia mita 400 mara kumi, tofauti ndogo kati ya kipande cha tatu na cha kumi inakwambia kuwa akiba ilikuwapo.

Siku nzima kwa mfano: kilo 60, zoezi gumu saa 10 na nusu jioni

Saa 1 asubuhi: vikombe viwili vya chai ya maziwa, sukari vijiko viwili vya chai kila kimoja, na vipande vinne vya mkate. Karibu gramu 88.
Saa 4: bakuli la uji wa unga gramu 40 na sukari vijiko vitatu vya chai. Gramu 42.
Saa 7 mchana: wali wa mchele gramu 120, samaki, maharagwe kidogo, papai. Gramu 120 hivi.
Saa 9 na robo: ndizi mbivu mbili. Gramu 50.
Kwenye zoezi: nusu lita ya kinywaji. Gramu 30.
Saa 1 na nusu usiku: ugali wa unga gramu 120, dagaa, mchicha. Gramu 90.

Jumla ni 420, yaani gramu 7 kwa kilo, ukomo wa juu wa siku kama hii. Kesho ikiwa ya kupumzika, ondoa uji, ndizi na kinywaji, na upunguze wali na ugali kwa theluthi. Usiguse samaki, dagaa wala mchicha.

Wanaokimbia alfajiri, na wanaofunga

Usiku ukiwa umelala, ini hupoteza sehemu kubwa ya akiba yake, lakini misuli haipotezi. Ndiyo maana wakimbiaji wengi wa Iten, mji wa Kenya unaosifika kwa mbio, wanaweza kutoka saa 12 asubuhi kabla ya chai: waliujaza mguu kwa ugali wa jana. Mbio nyepesi za alfajiri tumboni pakiwa patupu hazina ubaya. Zoezi kali la alfajiri ni jambo jingine. Amka dakika 30 mapema, kunywa chai yenye sukari vijiko vitatu vya chai na kula ndizi moja, upate angalau gramu 35 hadi 40, na uhakikishe mlo wa usiku ulikuwa mkubwa.

Mwezi wa Ramadhani, peleka mazoezi makali baada ya futari. Fungua kwa tende na uji, gramu 50 hivi, sali, pumzika, fanya zoezi baada ya saa moja na nusu au zaidi, kisha ndipo ule mlo mkubwa: muhogo, viazi vitamu, wali. Daku iwe na wanga wa kutosha wala usiiruke. Mazoezi ya kabla ya magharibi yabaki mepesi. Hapo ini limekauka na mwili una kiu, na ukilazimisha kasi utaumia bila kupata faida yoyote.

Mambo yakienda mrama

*Miguu mizito tangu kipande cha kwanza.* Tazama daftari la jana, si la leo. Mara nyingi ni mazoezi makali mawili mfululizo na chakula cha usiku kidogo katikati. Ongeza unga gramu 50 usiku, au weka siku nyepesi katikati.

*Vipande vya mwanzo vizuri, kisha kasi inaporomoka ghafla.* Ukianza kwa kasi mno, wanga hautakuokoa. Punguza kasi ya vipande viwili vya kwanza ujaribu tena. Kama kasi ilikuwa ya kawaida, mlo wa saa 3 hadi 4 kabla ulikuwa mdogo.

*Kichomi ubavuni.* Ulikunywa kingi kwa mkupuo, au juisi nzito. Gawa kinywaji kwa mafundo madogo, na uache juisi saa mbili kabla.

*Kuhara au gesi.* Ondoa kwanza maharagwe na dona za usiku, kisha maziwa ya asubuhi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa mazoezi mawili. Ukiondoa vyote kwa pamoja hutajua mkosaji ni nani.

*Kizunguzungu, jasho baridi, mikono kutetemeka katikati ya zoezi.* Simama. Kunywa gramu 20 hadi 30 za sukari: nusu ya chupa ya soda ya mililita 500, au vijiko viwili vya chakula vya sukari kwenye maji. Zoezi la siku hiyo limekwisha. Ikijirudia ukiwa umekula vizuri, nenda ukapimwe.

*Nimeacha wanga nipungue, na sasa sina kasi.* Hilo lilitarajiwa. Mwaka 2017 mtafiti Louise Burke na wenzake huko Australia waliwalisha wanariadha wa kimataifa wa mashindano ya kutembea kwa kasi mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wiki tatu. Miili yao iliunguza mafuta vizuri kuliko mwanzo, lakini ilihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule, na kwenye kilomita 10 hawakuboreka, wakati wenzao waliokula wanga waliboreka. Ukitaka kupungua, punguza wanga siku nyepesi na uuache siku ngumu.

*Meno yanauma.* Kinywaji cha sukari na ndimu hula meno. Sukutua maji matupu baada ya zoezi, na usipige mswaki papo hapo. Subiri nusu saa.

*Uchovu wa wiki nyingi, usingizi mbovu, majeraha yasiyopona. Kwa mwanamke, hedhi kukatika.* Hili si suala la ndizi kabla ya mazoezi. Chakula chote cha siku ni kidogo kuliko kazi unayoifanya, na mwili umeanza kuzima baadhi ya shughuli zake. Kwa msichana, hedhi kukosekana miezi mitatu si dalili kwamba mazoezi yamekolea, hata kocha akisema hivyo. Punguza mazoezi, ongeza chakula cha kila mlo, na umwone daktari wiki hiyo hiyo.